Kwa treni hadi Moshi, kukiona Chuo cha Ushirika

Jumatatu, ndani ya treni

Basi lingenifikisha Moshi jioni hiihii. Nimechagua treni, ambayo itafika kesho asubuhi, kwa sababu chuo ninachokwenda kukiona na reli hii ni wa rika moja. Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963. Mwaka huohuo kilikamilika kipande cha reli cha Ruvu hadi Mnyusi, kikaiunganisha Reli ya Kati na reli ya Tanga. Kabla ya hapo gunia la kahawa la Kilimanjaro lilikuwa na njia mbili za reli kwenda baharini: ama Tanga, ama Mombasa kwa kupitia Taveta na Voi. Dar es Salaam, yalikokuwa makao makuu ya serikali, haikuunganishwa kwa reli na mlima uliokuwa ukiiletea nchi fedha za kigeni.

Baadaye treni ya abiria ilisimama kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilirudi Moshi Desemba 2019, na nadhani kila anayepanda bado ana furaha kidogo ya kuiona inatembea.

Mimi ni katibu wa SACCOS ya mtaani kwetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo. Leja ninayoandika kila Ijumaa, namna ya kuita mkutano mkuu, namna ya kugawa kazi kati ya bodi na kamati ya usimamizi, vyote nilifundishwa na wakufunzi waliotoka Moshi. Maafisa ushirika wetu wa wilaya wamesoma Moshi. Mkaguzi wetu amesoma Moshi. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini mambo haya yote yana chemchemi moja, tena katika mji ulio mbali na Dar es Salaam na mbali na Dodoma.

Kijana aliyekaa mkabala nami ameniuliza ninakokwenda. Nimemwambia Chuo cha Ushirika.

"Dada, hicho si siku hizi ni chuo kikuu?"

Ni kweli. Mwaka 2004 kiligeuzwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro, na watu wakajifunza kukiita MUCCoBS, kifupi cha jina lake la Kiingereza. Kisha kikasimama peke yake: tangu 2014, na kwa hati yake ya mwaka 2015, ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Lakini miaka 41 ya mwanzo kiliitwa Chuo cha Ushirika, na jina hilo ndilo lililobaki midomoni mwa wazee. Mama aliyekaa dirishani, anayeshuka Same, ameongeza bila kugeuza kichwa: "Kaka yangu alisoma hapo. Alirudi akawa katibu wa chama cha msingi. Kijiji kizima kilikuwa kinamletea barua awasomee."

Tumepita Ruvu kabla ya giza. Nimeiangalia njia panda ya reli hadi ikapotea nyuma ya vichaka.

Jumanne, Same hadi Moshi

Kumekucha tukiwa Upareni. Milima iko mkono wa kulia, ya kijani juu na mikavu chini, na mkonge umejipanga mistari tambarare yote. Mama wa Same ameshuka na mizigo yake. Nimempokelea ndoo, akaniombea safari njema.

Kahe ni kituo kidogo ambacho wengi hukipita wakiwa usingizini, ila kina kisa. Hapa ndipo reli ya kutoka Voi ilipokutana na ya Tanga, kazi ya jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana kwa miongo mingi kahawa ya Tanganyika iliweza kusafirishwa kwa bandari ya Kenya.

Kisha mlima. Kibo huwa wazi alfajiri, na mawingu yakishapanda unaweza kukaa Moshi kutwa nzima usijue kwamba kilele cha mita 5,895, mwamba na theluji, kiko juu ya kichwa chako. Behewa lote limenyamaza kidogo, hata waliozaliwa hapa.

Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika hapa 1911. Miaka kumi na minane kwa safari ambayo basi sasa huimaliza kwa nusu siku. Moshi ya kabla ya reli ilikuwa juu mlimani, mahali panapoitwa Old Moshi mpaka leo, kwenye himaya ya Mangi Rindi na mwanawe Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Kituo cha reli kilipowekwa huku chini, maghala yalikifuata, maduka yakayafuata maghala, na mji ukazaliwa. Ni mji uliojengwa ili mazao ya mlimani yapate pa kuteremkia.

Nimetembea kwa miguu kutoka stesheni hadi Mnara wa Saa. Moshi ni mji safi, na wenyeji wanajivunia hilo waziwazi; dereva wa bajaji amemwonya abiria wake asitupe ganda la ndizi barabarani kabla mimi sijaliona hilo ganda. Ni mwishoni mwa Oktoba, mijakaranda imetoa maua, na lami ya mitaa ya juu imegeuka zambarau.

Jengo la KNCU liko katikati ya mji. Herufi hizo ni za Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, kilichoandikishwa tarehe 1 Januari 1933, na bila hicho chama pasingekuwa na chuo hapa. Nimeketi kwenye mkahawa wao, nikaagiza kahawa, nikafungua daftari.

Kahawa ya aina ya arabika ililetwa mlimani na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioipanda misheni ya Kilema katika miaka ya 1890. Wachagga walianza kuipanda kwenye vihamba vyao, yaani mashamba ya nyumbani, chini ya migomba, palepale penye ndizi, maharage na ng'ombe wa ndani. Kufikia miaka ya 1920 walikuwa wengi, na walowezi wenye mashamba makubwa wakakasirika. Walisema vihamba vitaeneza magonjwa ya mibuni. Sababu ya pili waliisema kwa sauti ndogo zaidi: Mchagga mwenye kahawa yake hana haja ya kwenda kuwa kibarua kwenye kahawa ya mwenzake.

Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA (Kilimanjaro Native Planters' Association). Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza wa wilaya, aliwaunga mkono. Rais wa chama alikuwa Joseph Merinyo, Mchagga wa Old Moshi. Chama kilinunua dawa na mabomba ya kupulizia, kikafundisha utunzaji wa mibuni, na kikauza kahawa ya wanachama kwa pamoja ili mnunuzi asimkamate mmojammoja. Mwisho wake haukuwa mzuri. Bei ilianguka dunia nzima mwishoni mwa miaka ya 1920, madeni yakaingia, vitabu vya hesabu vikalaumiwa, na Merinyo akaondolewa uongozini. Serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1932, na mwaka uliofuata KNCU ikachukua nafasi ya KNPA ikiwa na meneja Mwingereza, A. L. B. Bennett.

Nimekaa muda mrefu kwenye mstari huo wa vitabu kulaumiwa. Mkulima alikuwa na ardhi, alikuwa na zao, alikuwa na umoja. Kilichompokonya usukani ni kalamu. Asiyeweza kuandika hesabu zake kwa namna ambayo hakimu na benki wataikubali, atatafutiwa meneja. Na meneja huyo hata akiwa mwema, mwenye mali anakuwa mgeni kwenye mali yake. Mwaka 1937 wakulima wa hapa waliandamana kwa hasira dhidi ya KNCU yenyewe, chama kilichobeba jina lao, kwa sababu walilazimishwa kuuza kahawa yote kupitia kwake na hawakuridhika na bei wala na maelezo ya fedha zinakokwenda.

Chuo kilikuja miaka 26 baadaye. Lakini kwangu hoja ya kukianzisha iliandikwa hapo.

Jumatano, chuoni

"Nipeleke Ushirika," nimemwambia wa bajaji, na hakuuliza Ushirika gani.

Chuo kiko Barabara ya Sokoine. Getini nimeandika jina kwenye kitabu cha wageni, nikaeleza nilichofuata, nikaombwa nisubiri kivulini. Miti ni mikubwa. Kwenye chuo kipya miti huwa mifupi na majengo marefu. Hapa miti ina umri wa kutosha kuyafunika majengo ya zamani, na wanafunzi wamekaa chini yake na kompyuta mapajani. Kaskazini kabisa, juu ya mapaa, mawingu yalikuwa yamekwisha kuufunika mlima.

Chuo kilianzishwa tarehe 5 Januari 1963. Tanganyika ilikuwa imekuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Haukupita hata mwezi. Nchi ilikuwa na uhaba wa madaktari, wahandisi, walimu, na bado mojawapo ya mambo ya kwanza ya Jamhuri hiyo changa ni kufungua mahali pa kufundishia makatibu na wahasibu wa vyama vya wakulima. Mwaka 1964 Bunge likakitungia sheria yake, namba 32, kikawa chombo chenye mamlaka yake.

Kwa nini haraka hiyo? Kabla ya hapo aliyetaka kusomea ushirika alikuwa na milango michache. Kulikuwa na shule ya ushirika ya Afrika Mashariki huko Kabete, Kenya. Waliobahatika walikwenda Uingereza; Paul Bomani, aliyewaunganisha wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alisomea mambo hayo Loughborough katika miaka ya 1950. Lakini huwezi kumpeleka Uingereza kila katibu wa kila ghala. Na maghala yalikuwa yakiongezeka kwa kasi. Mbali na KNCU kulikuwa na chama kikuu cha Wangoni na Wamatengo cha tumbaku, Songea, tangu 1936. Cha Bukoba cha kahawa tangu 1950. Na shirikisho la Victoria la pamba, VFCU, tangu 1955. Baada ya uhuru serikali ilitaka ushirika uenee hata kule ambako haukuwahi kuwapo, na kila chama kipya kilihitaji mtu wa kukaa mbele ya mizani na mtu wa kukaa mbele ya kitabu.

Moshi ilichaguliwa kwa kuwa somo lilikuwa tayari linaonekana kwa macho. Mwanafunzi akitoka darasani anaona chama kikuu kikifanya kazi, kiwanda kikikoboa, mnada ukiuza, vyama vya msingi vikipokea mazao mlimani. Mwalimu hakuwa na haja ya kusimulia.

Mhadhiri aliyenipokea amenitembeza. Amenionyesha kozi za sasa: uhasibu na fedha, usimamizi wa ushirika, masoko, ununuzi, fedha ndogondogo, hata sheria. Kuna cheti, stashahada, shahada na zaidi. Nimemuuliza kama wanafunzi wa sasa wanakuja kwa ajili ya ushirika au kwa ajili ya cheti cha uhasibu kitakachowapa kazi benki.

"Wote wawili wapo," amejibu. "Lakini hata anayekwenda benki, hapa ametufanyia mazoezi ya kukagua chama cha wakulima. Amekutana na mzee mwenye risiti iliyoloa. Hasahau."

Nimependa jibu hilo. Mimi ningetamani wengi zaidi wabaki vijijini, na nimemwambia hivyo. Amecheka, akasema niwaambie bodi za vyama zilipe mishahara.

Jambo lililonivutia kuliko majengo ni namna chuo hiki tangu zamani hakikukubali kukaa ndani ya uzio wake. Katika miaka ya 1960, kwa msaada wa nchi za Nordik na nyingine, elimu ya ushirika ilipelekwa nje kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio, kwa vikundi vya kusoma pamoja na kwa wakufunzi wa kanda. Mjumbe wa kamati ambaye hangeweza kuacha shamba lake miezi tisa alipata somo kwa bahasha. Vituo vya mikoani vipo mpaka leo, na ndivyo vilivyonifikia mimi mtaani kwetu.

Alhamisi, mjini

Asubuhi nimekwenda hadi nje ya kiwanda cha TCCCo, kinachokoboa kahawa tangu 1920. Harufu yake ni ya vumbi kavu na majani, si ile ya kikombe. Kahawa hufika hapa ikiwa bado na ngozi yake ngumu ya ndani. Mashine huivua, huipepeta na kuichambua kwa ukubwa na uzito, na kila fungu linapewa herufi: AA, A, B, PB, C na nyingine. Herufi hizo ndizo bei. Mkulima aliyepeleka gunia moja kijijini hawezi kujua ni kilo ngapi za gunia lake zilikuwa AA, kwa sababu limechanganywa na magunia ya jirani zake. Anachoweza kujua ni kile ambacho kitabu cha chama chake kinamwambia. Hapo ndipo pa kuibiwa, na hapo ndipo pa kulindwa.

Mchana nimekutana na mkaguzi mstaafu wa vyama, aliyesoma hapo chuoni katika miaka ya mwanzo ya 1970. Nimemsalimu, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba mwanangu, kaa." Ameagiza mtori kwa ajili yetu wote wawili bila kuniuliza.

Nilitaka anisimulie 1976, na amenisimulia kwa utulivu ambao mimi nisingeuweza.

Matatizo yalikuwa yameanza mapema. Mwaka 1966 Rais aliunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao, na kamati hiyo iliona upungufu wa wafanyakazi wenye ujuzi, uongozi usio mwaminifu mahali pengi, na wanachama wasiojua haki zao. Vyama vilikuwa vimefunguliwa haraka kuliko chuo kilivyoweza kufundisha. "Sisi tulikuwa wachache," amesema. "Unafika kwenye chama, kitabu cha fedha hakijaandikwa miezi mitano, na katibu si mwizi. Hajui tu aanzie wapi. Mwingine kwa kweli ni mwizi. Kitabu kisipoandikwa, hao wawili huwezi kuwatofautisha."

Mwaka 1975 ikaja sheria iliyokifanya kila kijiji kiwe chenyewe chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mei 1976 vyama vikuu vikavunjwa. KNCU, iliyokuwa na miaka 43, ikavunjwa pamoja na nyingine zote, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za serikali. Ya kahawa iliundwa 1977.

Nimemuuliza: chuo cha ushirika kinafundisha nini katika nchi isiyo na vyama vikuu vya ushirika?

Ameinamia bakuli lake kidogo. "Tulifundisha hesabu za kijiji. Kijiji kilikuwa na duka, kina shamba la pamoja, kina mashine ya kusaga. Vyote vinahitaji leja. Chuo hakikufungwa hata siku moja."

Hiki ndicho kipande cha historia kinachonishika zaidi. Chama kikuu kikongwe kuliko vyote nchini kilifutwa kwa tangazo, majengo yake yakachukuliwa, wafanyakazi wake wakatawanywa. Darasa likabaki. Sheria ya 1982 iliporudisha vyama vya ushirika, na KNCU ikaandikishwa upya miaka miwili baadaye, watu wa kuvianzisha tena walikuwapo kwa sababu kulikuwa na mahali palipoendelea kufundisha uandishi wa vitabu katika miaka yote ile ambayo vyama vikuu havikuwapo. Sijui kama kuna hoja nzuri zaidi ya kuutetea ualimu.

Kisha lilikuja pigo la aina nyingine. Katika miaka ya 1990 soko la kahawa lilifunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na fedha taslimu mkononi. Chama kinalipa malipo ya awali, kisha mkulima anasubiri mnada, makato na malipo ya pili. Mlanguzi analipa leo. Mzazi mwenye barua ya ada ya shule mezani hawezi kusubiri, na mimi simlaumu. Lakini mkaguzi wangu amesema jambo ambalo nimeliandika neno kwa neno: "Mlanguzi hajawahi kumwonyesha mtu kitabu chake."

Ijumaa, Kilema

Gari la Kilema limejaa magunia, vifaranga na wanawake waliokuwa wakipanda kutoka sokoni. Barabara inapanda tangu inapoiacha tambarare, na hewa inabadilika kabla macho hayajaona tofauti. Chini ni mahindi yaliyovunwa na vumbi. Juu ni migomba, mibuni, mifereji ya maji inayoitwa mifongo ikipita pembeni mwa njia, na uzio wa masale kati ya kihamba na kihamba. Masale ni mmea wa mpaka, na pia ni mmea wa amani: Mchagga aliyekosea hulipeleka jani lake kwa aliyemkosea.

Kanisa la Kilema ni kubwa na la mawe. Misheni hii ni ya tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mibuni ya kwanza ya mlimani ilipandwa katika viwanja vyake. Nimesimama hapo kwa muda. Miche michache tu, na kutoka kwayo zikaja karo za vizazi vitatu, shule za mlimani zilizojengwa kwa fedha za kahawa, KNCU, mji wa chini, na darasa nililoketi juzi.

Ni msimu wa kuvuna. Katika kihamba kimoja bibi na wajukuu wake wawili walikuwa wanachuma zilizoiva tu, nyekundu, wakiziacha za kijani kwa raundi ijayo. Nimewasaidia kidogo. Bibi amenionyesha namna ya kukata tunda bila kuvunja kikonyo, kwa maana kikonyo kikivunjika mwakani hapatoki kitu pale. Amelalamika kuhusu mibuni mizee na mvua zisizoeleweka. Vijana wengi wa rika la watoto wake wameng'oa mibuni wakapanda ndizi za kuuza, parachichi, au wamehamia mjini. Kihamba kimegawanywa kwa wana, na wana wao, hadi kimekuwa kipande.

"Bado unapeleka kwenye chama, bibi?"

"Nipeleke wapi? Chama ni cha baba yangu."

Jioni nimekwenda naye hadi kituo cha kupokelea cha chama cha msingi. Foleni fupi, watu saba hivi. Mizani iko mlangoni ambako kila mtu anaiona. Msichana anayeandika ni katibu wa chama, na ana stashahada ya Moshi. Nimemuuliza mara tu niliposikia anavyotaja namba ya mwanachama, uzito na daraja kwa sauti kabla ya kuandika. Ndivyo tulivyofundishwa hata sisi kwenye semina: taja kwa sauti, andika, kata risiti, mpe mwenye mali aisome. Bibi hajui kusoma vizuri, lakini alichukua risiti yake, akaitazama upande mmoja na upande wa pili, akampa mjukuu.

"Soma."

Mtoto amesoma. Kilo, tarehe, jina. Bibi ameikunja na kuitia kwenye pindo la kanga. Katibu alisubiri amalize kabla ya kumwita anayefuata, na hakuna aliyemharakisha.

Jumamosi, Uwanja wa Ushirika

Nimebakiwa na saa chache, nimezitumia kwenye uwanja wa chuo. Ni uwanja unaojulikana nje ya nchi kuliko chuo chenyewe, kwa kuwa Kilimanjaro Marathon, iliyoanza 2003, huanzia na kumalizikia hapa. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu hukimbia kutoka kwenye nyasi hizi, na wengi wao hurudi makwao bila kujua wamesimama kwenye kiwanja cha chuo cha wakulima. Ningependa siku moja mtangazaji awaambie.

Leo kulikuwa na vijana wa mwaka wa kwanza wakicheza mpira. Mmoja aliyekaa kando, mguu umefungwa bendeji, ametokea Mtwara. Nyumbani wanalima korosho, na chama chao kinatumia stakabadhi ghalani: mkulima anaweka mazao ghalani, anapewa risiti, kisha analipwa yakishauzwa. Amekuja kusoma usimamizi wa ushirika kwa sababu baba yake alishawahi kukaa miezi akingoja fedha na hakuna aliyeweza kumweleza ziko wapi. Ameniuliza SACCOS yetu ina wanachama wangapi, riba ni asilimia ngapi, mikopo isiyolipika tunaishughulikiaje. Maswali yake yalikuwa makali kuliko ya mkaguzi wetu. Nimemjibu yote isipokuwa moja, ambalo nimeliandika kwenye daftari langu ili nikaiulize bodi.

Basi langu la jioni linakwenda Shinyanga badala ya Dar es Salaam. Chuo kina kampasi ya pili kule Kizumbi, kwenye nchi ya pamba, na pamba ina vita yake ya mizani, ya wakulima waliokuwa wakipunjwa na wanunuzi, iliyopiganwa na watu wa Bomani. Kesho nitakuwa barabarani, na Jumatatu nitaomba niingie getini kwao.